Mto Mmoja, Nchi Mbili: Umeme, Mafuta na Uchumi wa Rwanda na Burundi



Sifa zote njema anastahiki Allah Mtukufu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu katika imani, kwa miaka kadhaa sasa habari zinazotoka Burundi zimekuwa zikitaja jambo moja mara kwa mara: foleni za mafuta. Magari hulala vituoni, abiria hutembea kwa miguu masafa marefu, na bei ya bidhaa sokoni hupanda kwa sababu lori lililozileta limenunua dizeli kwa bei ya magendo. Upande wa pili wa mpaka, nchini Rwanda, habari ni za nguzo za umeme zinazofika vijijini na za uchumi unaokua kwa kasi ya asilimia 7 au 8 katika miaka mingi.

Wapo wanaolieleza jambo hili kwa maneno mepesi. Husema kwamba huyu kabarikiwa na yule kakosa, au kwamba nchi ndogo isiyo na bahari wala visima vya mafuta haina budi kuwa masikini. Sisi hatuoni hivyo. Tukizitazama nchi hizi mbili kwa utulivu, tunaona kwamba usalama wa nishati wa nchi ndogo hausimami juu ya kumiliki kila kitu peke yake. Unasimama juu ya uwezo wa kushirikiana na jirani kwa uaminifu, kulipa kwa wakati, na kutunza kile ambacho Allah amekijaalia.

Walianza pamoja

Rwanda na Burundi zilipata uhuru siku moja, tarehe 1 Julai 1962. Rwanda ina ukubwa wa kilomita za mraba elfu 26 na kidogo, Burundi karibu elfu 28. Idadi ya watu inakaribiana, ardhi ni ya milima, mvua ni nyingi, na zao kubwa la biashara la tangu enzi za ukoloni ni lile lile, kahawa. Hakuna kati yao yenye bandari ya bahari. Mafuta ya Burundi hutegemea zaidi njia ya Dar es Salaam, na ya Rwanda hupita Dar es Salaam na Mombasa. Kila lita husafiri zaidi ya kilomita elfu moja kwa lori kabla ya kumfikia mtumiaji.

Zote mbili zimeonja vita. Rwanda ilipitia mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Burundi ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe tangu 1993 hadi katikati ya miaka ya 2000, kisha ikaingia tena katika msukosuko wa kisiasa mwaka 2015.

Leo hali zao haziko sawa. Mwaka 2009 nchini Rwanda kaya zilizokuwa na umeme hazikufika kumi katika kila mia. Sasa ni zaidi ya 70 katika mia, wengine wakiwa kwenye gridi ya taifa na wengine wakitumia sola za nyumbani. Burundi bado ni karibu mtu mmoja tu katika kila kumi, na pato la mtu mmoja ni miongoni mwa ya chini kabisa duniani. Basi tofauti imetoka wapi, ilhali mvua, milima na mito ni ile ile?

Ushirika wa mto Ruzizi

Tuanze na ushirika ulio mkongwe zaidi. Mto Ruzizi hutoka Ziwa Kivu, ukapita mpakani mwa Congo na Rwanda, kisha mpakani mwa Congo na Burundi, ukamwaga maji yake Ziwa Tanganyika. Bwawa la kwanza, Ruzizi I, lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950 wakati wa utawala wa Wabelgiji, likiwa na uwezo wa karibu megawati 30. Mwaka 1976 nchi tatu, yaani Burundi, Rwanda na Zaire ya wakati huo, ziliunda Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu. Chini ya jumuiya hiyo likazaliwa shirika la pamoja liitwalo SINELAC, nalo likaanza kuendesha bwawa la Ruzizi II mwaka 1989. Uwezo wake ni karibu megawati 44.

Megawati 44 ni kidogo kwa nchi kubwa. Kwa Burundi, ambayo kwa miaka mingi mitambo yake yote haikufika megawati 100, fungu lake katika umeme huo ni jambo kubwa sana. Ajabu ni kwamba ushirika huu umeishi kuliko serikali nyingi zilizoutia saini. Nchi hizo zimepigana, zimefunga balozi na zimetuhumiana, lakini shirika la pamoja limebaki.

Kilichoudhoofisha ni deni zaidi kuliko bunduki. Mashirika ya umeme ya nchi wanachama yalinunua umeme wa SINELAC na kuchelewesha malipo. Bila ya malipo hakuna vipuri, na bila ya vipuri mtambo wa maji huchakaa kama jengo lisilopakwa chokaa. Hapa tunapenda kukumbusha kwamba deni ni deni, awe mdaiwa ni mtu au serikali. Mafaqihi wetu wamekuhesabu kuchelewesha haki ya mtu ilhali uwezo upo kuwa ni dhuluma, na hawakuitoa dola katika hukumu hiyo. Vile vile mwananchi anayejiunganishia umeme kwa njia ya wizi asidhani kwamba anamnyima mtawala. Anawanyima majirani zake ambao watabeba gharama yake, na vipuri ambavyo havitanunuliwa.

Mradi wa tatu kwenye mto huo huo, Ruzizi III, wenye megawati 206, umezungumzwa kwa miaka mingi. Mapema mwaka 2025 vita vya mashariki ya Congo viliifikia miji ya Goma na Bukavu. Bukavu iko pale pale Ruzizi inapotoka ziwani. Mwekezaji anayetaka kuweka fedha zake kwa miaka 25 huyaangalia haya yote kabla ya kuyaangalia maji.

Rusumo: miaka 46 ya kusubiri

Mfano wa pili uko mpakani mwa Tanzania na Rwanda. Mto Ruvubu unaotoka Burundi na maji yanayotoka Rwanda hukutana juu kidogo ya maporomoko ya Rusumo, yakawa mto mmoja, Kagera, unaokwenda Ziwa Viktoria. Ni mahali ambapo maji yenyewe yamefunga ushirika kabla ya wanadamu.

Fikra ya kufua umeme hapo ilikuwa miongoni mwa malengo ya Shirika la Bonde la Mto Kagera, lililoundwa mwaka 1977 na Tanzania, Rwanda na Burundi, na Uganda ikajiunga baadaye. Miaka ikapita. Mwishoni mwa Aprili 1994 daraja la Rusumo lilipitisha wakimbizi zaidi ya 200,000 kuingia Tanzania ndani ya muda wa saa 24 hivi. Mto uliokusudiwa kuleta taa ukawa unabeba maiti. Shirika la Bonde la Kagera lenyewe likavunjwa mwaka 2004 bila ya bwawa kujengwa.

Hata hivyo mradi haukufa. Serikali tatu ziliunda kampuni moja ya kumiliki mtambo, Benki ya Dunia ikatoa dola za Marekani milioni 340 kwa ajili ya bwawa, na Benki ya Maendeleo ya Afrika ikasaidia njia za kusafirisha umeme. Mitambo ilianza kuzalisha mwaka 2023, miaka 46 baada ya mkataba wa Kagera. Uwezo wake ni megawati 80, na unagawiwa sawa kwa sawa: kila nchi karibu megawati 27. Nyaya za kilovolti 220 zimepangwa kwenda Gitega nchini Burundi, Shango karibu na Kigali, na Nyakanazi nchini Tanzania.

Tuliangalie hilo la mgao sawa. Tanzania ni kubwa mara nyingi kuliko jirani zake hawa, na bwawa lake la Julius Nyerere kule Rufiji peke yake lina megawati 2,115. Kwake yeye, megawati 27 ni nyongeza ndogo. Kwa Burundi ni sehemu kubwa ya umeme wote wa nchi. Lakini mkubwa hakudai fungu la mkubwa. Katika fiqhi ya shirika tunafundishwa kwamba mafungu yajulikane tangu mwanzo, mtaji ujulikane, na mwendeshaji awe na amana kwa wote. Mkataba uliojengwa juu ya mambo matatu haya hauna haja ya washirika kupendana sana. Wakigombana katika mengine, hesabu ya shirika inabaki wazi.

Na magomvi yamekuwepo. Mwezi Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake na Rwanda, ikiituhumu kuwasaidia waasi, jambo ambalo Rwanda ilikanusha. Malori yalisimama, wafanyabiashara wa mpakani wakapata khasara, na jamaa walioolewa ng'ambo wakashindwa kuzikana. Mtambo wa Rusumo haukusimama.

Kuhusu maji ya ushirika, dini yetu ina msingi wa zamani. Imepokewa katika hadithi kwamba Waislamu ni washirika katika maji, malisho na moto. Pia inajulikana hukumu aliyoitoa Mtume (s.a.w) baina ya Zubayr na mtu wa Ansari waliogombania mfereji: aliye juu anywesheleze shamba lake, kisha ayaachie maji yamfikie jirani. Kutoka hapo mafaqihi wakajenga mlango mzima wa haki za maji. Aliye juu ana haki, lakini si haki ya kumkausha aliye chini.

Mafuta hayana mto

Kama umeme wa maji unagawika kwa mkataba, mafuta ni jambo jingine. Mafuta hununuliwa kwa dola, na hapa ndipo Burundi ilipokwama. Baada ya msukosuko wa 2015, Umoja wa Ulaya ulisimamisha mwaka 2016 misaada ya moja kwa moja kwa serikali, na ukaondoa vikwazo hivyo mwaka 2022. Katika muda huo fedha za kigeni ziliadimika. Mauzo ya kahawa, chai na dhahabu hayakutosheleza. Bei rasmi ya dola ikawa mbali kabisa na bei ya mtaani. Mwaka 2023 serikali ilishusha thamani ya faranga na kukubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa juu ya mkopo wa dola zipatazo milioni 271, lakini foleni za mafuta hazikwisha.

Mafuta yanapokosekana, mzunguko hujifunga wenyewe. Lori halitembei, basi mazao hayafiki sokoni. Mazao yasipofika, dola ya kununulia mafuta mengine haiji. Fundi wa Buyenzi, mtaa maarufu kwa Waislamu wa Bujumbura na kwa gereji zake, hana gari la kutengeneza kwa sababu magari yamesimama. Mwenye fedha hununua mafuta ya magendo yanayovushwa kutoka Uvira au Kigoma. Asiye na fedha hutembea.

Tena kuna mali iliyolala chini. Kule Musongati, kusini mashariki mwa Burundi, wataalamu wamejua tangu miaka ya 1970 kwamba kuna akiba kubwa sana ya nikeli. Nusu karne imepita. Kuchimba na kuchenjua nikeli kunahitaji umeme mwingi usiokatika, na kuusafirisha mzigo kunahitaji reli. Sasa ipo mipango ya reli kutoka Uvinza, Tanzania, kwenda Musongati, na Burundi imekuwa ikijenga mabwawa ya Jiji na Mulembwe yenye karibu megawati 50. Madini bila ya umeme ni udongo tu. Tunaomba haya yakamilike, na yakikamilika mapato yake yasiishie mikononi mwa wachache.

Rwanda nayo ina hesabu yake

Isidhaniwe kwamba tunaisifu Rwanda bila ya kuangalia. Mwaka 2004 nchi hiyo ilipatwa na upungufu mkubwa wa umeme. Mtambo wa Ntaruka hutegemea Ziwa Burera, na ziwa hilo hulishwa na kinamasi cha Rugezi. Watu walikuwa wamekikausha kinamasi kwa kilimo, milima ikamomonyoka, na ukame ulipokuja kina cha ziwa kikashuka. Serikali ikalazimika kukodi jenereta za dizeli kwa gharama kubwa. Baadaye kilimo cha kinamasini kikazuiwa, miti na nyasi zikapandwa kwenye miteremko, na maji yakarudi. Ukipenda kujua wapi umeme wa maji unatengenezwa, usiangalie mtambo peke yake. Panda juu ukaangalie msitu na kinamasi. Burundi nayo ina msitu wa Kibira juu ya bwawa lake la Rwegura, na somo ni hilo hilo.

Rwanda pia ilikwenda kutafuta nishati mahali pasipo pa kawaida. Chini ya maji ya Ziwa Kivu kuna gesi nyingi ya methani pamoja na hewa ya ukaa. Mwaka 1986 ziwa Nyos kule Cameroon lilitoa hewa ya ukaa kwa ghafla na kuua watu wapatao 1,700. Kivu ni kubwa mara nyingi kuliko Nyos, na watu wengi sana wanaishi kando yake. Kuivuta methani kwa uangalifu ni kupata umeme na kupunguza khatari kwa pamoja. Mtambo wa KivuWatt wenye megawati 26 ulizinduliwa mwaka 2016. Lakini ziwa hilo ni la Rwanda na Congo kwa pamoja, na hakuna atakayekuwa salama peke yake iwapo mmoja atalivuruga.

Nchi hiyo imechoma pia udongo wa vinamasi unaowaka moto, ambao Wanyarwanda huuita nyiramugengeri. Mitambo hii pamoja na mikataba na makampuni binafsi imeongeza umeme, lakini imefanya kuzalisha kuwe ghali, na hazina ya serikali hulazimika kubeba sehemu ya gharama ili mwananchi aweze kulipa. Nchi ndogo ikijenga kila kitu nyumbani kwa pupa ya kujitegemea inaweza kujikuta na taa zinazowaka na deni linalowaka vile vile. Juu ya hayo, katika nchi zote mbili jiko la mwananchi wa kawaida bado ni la kuni na mkaa. Taa imefika kwa wengi Rwanda, lakini jikoni moshi uko pale pale, na miti inayokatwa ndiyo ile ile inayolinda maji ya mabwawa.

Sisi wa visiwani tunalijua hili

Tukiwa Wazanzibari hatuyazungumzi haya kama watazamaji. Unguja hupata umeme wake kutoka Bara kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba tangu mwaka 1980 hivi. Waya huo ulikuwa mmoja. Mwaka 2008, kuanzia Mei hadi Juni, njia hiyo ilipata hitilafu na kisiwa kikakaa karibu mwezi mzima gizani. Mwezi Desemba 2009 umeme ukakatika tena, na haukurudi hadi Machi 2010. Pampu za maji zilisimama, na mama zetu wakarudi kubeba ndoo.

Mwanauchumi Alfredo Burlando alifanya utafiti juu ya giza lile la 2008. Aliona kwamba wafanyakazi ambao kazi zao hutegemea umeme walipoteza saa za kazi na kipato, na kwamba watoto waliokuwa matumboni wakati ule walizaliwa na uzito mdogo kuliko kawaida. Umeme uliokatika kwa mwezi mmoja uliandikwa katika mizani ya mtoto ambaye alikuwa bado hajazaliwa. Hii ndiyo maana ya neno usalama wa nishati.

Suluhisho lililofuata halikuwa kujitenga na Bara. Pemba iliunganishwa na Tanga mwaka 2010, na Unguja ikapata waya wa pili wenye uwezo wa megawati 100 mwaka 2013. Kumtegemea jirani si aibu. Aibu ni kutegemea kamba moja, bila ya akiba na bila ya kulipa.

Tunachokiona

Kwanza, miradi ya pamoja ilindwe na siasa za msimu. Viongozi wakihitilafiana, mtambo wa pamoja uachwe nje ya ugomvi, kama kisima cha kijiji kinavyoachwa nje ya ugomvi wa koo mbili.

Pili, madeni ya umeme baina ya serikali yalipwe kwa ratiba inayojulikana na wananchi. Deni la siri ndilo linaloua shirika.

Tatu, mafuta yawe na akiba ya kweli. Nabii Yusuf (a.s) aliweka nafaka ya miaka ya neema kwa ajili ya miaka ya shida, na hakuanza kuweka siku njaa ilipoingia. Nchi zisizo na bandari zingeweza kuagiza kwa pamoja na kuhifadhi kwa pamoja, kwani anayenunua kidogo peke yake hununua kwa bei ya juu.

Nne, nchi ndogo zitumie soko pana la umeme. Muungano wa Gridi za Afrika Mashariki upo tangu 2005. Ethiopia imezindua bwawa lake la Mto Nile mwaka 2025, na gridi za Kenya na Tanzania zimeunganishwa. Umeme wa ziada wa mkubwa unaweza kuwa nafuu kwa mdogo kuliko jenereta ya nyumbani.

Tano, misitu na vinamasi vihesabiwe kuwa ni sehemu ya mitambo, na jiko lisilo la mkaa lipewe uzito ule ule unaopewa bwawa.

Na kwa ndugu zetu wa Buyenzi na wa Nyamirambo, misikiti yenu inasoma Qur'ani moja na mnazungumza Kiswahili kimoja. Mpaka ukifungwa, msiache khofu na chuki ikae mahali pa mawasiliano. Mahusiano ya watu wa kawaida huwa yanarudi kabla ya mahusiano ya serikali, na wafanyabiashara wema wamekuwa daraja katika eneo hili tangu misafara ya pembezoni mwa Tanganyika.

Tunamuomba Allah azipe nchi hizi amani, awape viongozi wao uadilifu, na ayafanye maji ya Ruzizi na Kagera kuwa kheri kwa kila anayeishi kando yake. Amin.

Wallahu a'lam.